Sahihi Juu ya Boneti

— Weka sahihi, mpenzi, mhandisi wa ujenzi alisema kutoka juu. Huo ni mtaro tu wa maji machafu.

Mtafiti wa mambo ya kale alikuwa amepiga magoti shimoni, brashi mkononi, mita nne chini ya barabara ya maduka ya simu. Mbele yake palikuwa na chumba cha mahabusu cha ngome ya wakoloni, pingu zimeng'ang'ania ukutani.

— Tangu lini mtaro ukafungwa pingu?

— Ujenzi ukisimama, mimi sina kazi. Na harusi yetu je? Au hunipendi?

Alimpenda mhandisi yule hadi akili ikamruka. Kwenye ripoti aliandika "mtaro, hauna thamani", akatia sahihi juu ya boneti ya gari la mhandisi.

Jumatatu tingatinga lilianza kulifukia shimo. Siku tatu mhandisi hakupokea simu. Ya nne, akatuma ujumbe:

"Usinipigie. Mke wangu amerudi."

"Mke yupi?"

"Wa ndoa. Nilihitaji sahihi yako, si wewe. Ukifungua mdomo, unajichongea mwenyewe."

Mtafiti alilia mpaka sauti ikakauka. Kisha akaenda kwa mkuu wa idara, mama aliyemfundisha kazi, akamwambia yote. Kesho yake kikao kikaitishwa pamoja na wakubwa wa kampuni ya ujenzi.

— Mwanamke aliyeachwa hakosi la kusema, mhandisi alitabasamu.

Mtafiti akaweka picha za pingu mezani.

— Na ushahidi kwamba alikushawishi? mkuu aliuliza.

— Uko kwenye simu, Mama.

— Soma.

— Zote?

— Zote.

Akasoma mbele ya watu tisa. Akasoma mhandisi alivyomwita "mama wa wanangu". Akasoma yeye mwenyewe alivyombembeleza mhandisi asimwache. Mtu mmoja akacheka kwa pua. Mhandisi tabasamu lilimtoka alipofikia "nilihitaji sahihi yako".

Mhandisi akafukuzwa siku hiyohiyo, na amri ikatoka shimo lifukuliwe upya.

Mkuu alimsindikiza mtafiti hadi mlangoni.

— Nitarudi kazini lini, Mama?

— Hurudi, mwanangu. Umesema kweli, lakini uongo uliuandika wewe. Niachie kitambulisho.

Alikivua shingoni, akampa.

Wiki iliyofuata alipita pale. Wenzake walikuwa shimoni, wanatoa udongo kwa mikono, na pingu ya kwanza imeanza kuonekana. Akasogea kwenye uzio aone vizuri.

— Dada, rudi nyuma, mlinzi alimwambia. Hapa ni wafanyakazi tu.

Akarudi nyuma.