Barua Aliyoikataa Shosho Wakonyo

Bahasha ilikuwa na joto. Benta aliishika pale kwenye kaunta ya posta, Gatuanyaga, akadhani ni jua la dirishani, ila dirisha lilikuwa limefungwa. Ilitoka ng'ambo kwa ndege, stempu zake hazikutosha, nayo ilikuwa imegongwa ile T ya kudai kilichopungua. Mwenye jina asipolipa, barua hurudi ilikotoka.

"Rudisha," Shosho Wakonyo alisema bila kuigusa. "Mimi huzikataa zote."

"Lakini ni pesa kidogo tu, shosho."

"Nimekataa, mami."

Benta alidhani bibi wa watu hana kitu. Akamlipia, akagonga muhuri, akaitia mkobani ampelekee Jumapili baada ya kanisa. Nekesa, mwenzake wa kaunta, akamsifu kwa roho safi. Wema mwingine, jamani, ni kujitafutia balaa.

Jioni mkoba ukaanza kunuka nywele zilizoungua. Opiyo, mumewe, akaufungua, na kitu wasichokiona kikamshika mkono, kikaupinda mpaka mfupa ukalia, kikamburura sakafuni na kumbamiza ukutani, kikambamiza tena, damu ikirukia pazia, huku Benta akimvuta miguu na kupiga mayowe, na sauti ya kiume ikimnong'oneza yeye sikioni, kwa upole kabisa, "Umenifungulia, mke wangu."

Majirani wakamkimbiza Opiyo hospitali. Benta akapanda boda na mkoba wake hadi kwa shosho.

"Huyo ni Gachau, mume wangu," Wakonyo alinong'ona. "Alinivunja mbavu kabla hajaenda ng'ambo. Alifia huko, na bado anaandika. Stempu hupunguza makusudi. Anayemlipia ndiye anayemfungulia mlango."

"Atamuua Opiyo, shosho!"

Shosho aliitazama damu kwenye gauni la Benta. Akafungua fundo la leso, akamrudishia pesa yake, akachukua barua. "Sasa ni yangu. Nenda, na usigeuke."

Benta alisikia sahani zikivunjika, kisha kitu kisichokuwa sahani. Hakugeuka. Alilia njia nzima, na aibu yake ni kwamba alilia kwa nafuu.

Walimzika shosho. Opiyo akatoka hospitali na plasta. Benta aliporudi kazini, bahasha ilikuwa kwenye kaunta, ina joto, mwandiko uleule, T ileile. Jina lilikuwa lake.

"Nimekataa!" alipiga kelele. "Irudishe! Nimekataa!"

"Ai, Benta, tulia," Nekesa alicheka, akiichana bahasha. "Si ni pesa kidogo tu? Nishakulipia."