Picha ya Tumbo la Kimaiyo

Kaka yangu Kimaiyo alikuwa msimamizi wa msumeno katika kiwanda cha mbao, Elburgon. Kabla ya gogo kupasuliwa, aliligonga kwa mgongo wa shoka, akasikiliza. "Hili zima," alikuwa akisema. Au, "Hili limeoza moyo." Sote tulimwamini.

Mwaka 1954 alianza kushika tumbo upande wa kulia, chini ya kitovu. Mke wake, Jeruto, alimsihi mpaka akamwona Ogola, dresa aliyetibu wafanyakazi wa kiwanda. Ogola alimpapasa pale pale penye magogo.

"Mzee, kuna uvimbe hapa, karibu na kidole tumbo. Nenda Nakuru ukapigwe picha."

"Picha ni ya mifupa. Mimi nimevunjika wapi?"

"Ni kweli, utumbo hauonekani vizuri. Ndiyo maana utakunywa dawa nyeupe, nzito kama uji. Ikipita tumboni, eksirei inaionyesha. Mahali itakapokataa kuingia, daktari atajua kuna kitu."

"Nigonge tu, Ogola. Unasikia nini?"

Watu walicheka. Mimi nikaongeza, "Dresa anataka kumpaka Kimaiyo chokaa kwa ndani, kama nyumba." Wakacheka zaidi.

Ogola hakucheka. "Na ule mtarakwa wa juzi, mzee? Uliugonga ukasema mzima. Msumeno ulikuta nini?"

Kimaiyo alichukua shoka lake akaondoka. Baada ya kicheko kile, hangeweza kukubali mbele yetu.

Alikwenda Nakuru baada ya miezi minane, shoka likiwa limemshinda kubeba. Picha ilionyesha utumbo umesukumwa kando. Daktari alimpasua, akakuta uvimbe umekwisha kuenea.

"Mlichelewa," alisema.

Tulimzika kabla ya mvua.

Mwaka uliofuata, Jeruto aliumwa upande ule ule.

"Nipeleke leo, shemeji," aliniambia. "Na usinichekeshe."

Tulipanda lori la mbao. Alikunywa ile dawa, akapigwa picha. Dawa haikuingia katika kidole tumbo. Walikikata, wakakuta ndani uvimbe mdogo kama punje ya mahindi. Jeruto alipona. Msimu ule alilima viazi vyake mwenyewe.

Siku moja Ogola alizishika picha zote mbili za Nakuru dirishani, akanionyesha.

"Unaona tofauti?" aliuliza.

Niliiona. Ilikuwa miezi minane, na kicheko changu.