Picha ya Ubavuni

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kidete aliwapima uzito watoto wa mbwa kwenye mizani ya jikoni. Jina hilo alibandikwa na shangazi yake aliyemlea, kwa sababu akishasimama mahali akasema hapana, hata umvute kwa kamba hang'oki. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili.

Shangazi alifuga Chiwawa, mbwa wadogo wanaoweza kulala ndani ya mkoba. Safari hii walikuwepo watoto watatu, wa wiki kumi. Wawili walikuwa na vichwa vya mviringo, pua fupi, na paji la uso lililosimama wima juu ya pua. Wafugaji huviita vichwa vya tufaha. Wa tatu alikuwa na pua ndefu, na paji lake liliteremka polepole mpaka puani. Masikio yalikuwa makubwa, miguu mirefu. Hicho huitwa kichwa cha swala.

Tatizo lilikuwa kwa huyo wa tatu, kwani wale wawili walishanunuliwa. Shangazi alimwahidi fundi cherehani mmoja kwamba atampa mwenye kichwa cha tufaha, na ahadi hiyo aliitoa watoto wakiwa na siku saba tu. Katika umri huo vichwa vyote ni vya mviringo, na mfugaji mwenye haraka hujidanganya mwenyewe.

"Mshike hivyohivyo, anitazame," alisema Shangazi Jumamosi hiyo, simu mkononi. "Asigeuze kichwa. Mfumue manyoya ya utosini kidogo."

"Mbona wale wawili tuliwapiga picha ubavuni?"

"Kwani wewe ndiye mpiga picha? Fundi anaitaka picha, na mchana anakuja. Akikuuliza, mwambie pua itafupika akikua."

"Haitafupika, Shangazi. Ndiyo kwanza itarefuka."

"Hilo nalijua. Nimekuambia useme nini."

"Sitasema."

Shangazi alishusha simu. Hakuwa mtu mbaya, ila aliogopa aibu kuliko ugonjwa. "Mwanangu, nilishatoa ahadi. Nikisema nimekosea, nani ataniamini tena? Funika kombe mwanaharamu apite."

"Mwaka jana tulifunika," Kidete alijibu, "na mbwa akarudishwa ndani ya boksi la viatu."

Mbwa yule naye aliuzwa kwa maneno hayohayo, na baada ya miezi mitano mnunuzi akamchoka. Alikaa siku nne chini ya kabati bila kula, akitetemeka kila mlango ulipofunguliwa. Kidete ndiye aliyelala sakafuni kumbembeleza, na hasira ya siku zile haikuwa imemtoka.

"Basi utakaa chumbani mgeni akija," alisema Shangazi.

"Nitakaa. Lakini nikisikia uongo nitatoka."

Fundi cherehani alifika saa nane, mwanamke mrefu mwenye futi ya kupimia shingoni. Shangazi alimpakata mbwa kifuani, uso ukielekea mbele, na kidole chake kikawa juu ya pua.

"Mimi nataka wa mashindano," fundi alikumbusha. "Waamuzi wanataka tufaha tu. Mbona hii pua naiona kama ndefu?"

"Utoto huo. Itafupika."

Mlango wa chumba ulifunguliwa. Kidete alisalimia kwa adabu, shikamoo na yote, kisha akasimama katikati ya sebule.

"Samahani, Shangazi. Mweke mezani mgeni amtazame kwa ubavuni."

Shangazi alimkata jicho. Fundi hakusubiri, alimchukua mbwa mwenyewe, akamsimamisha mezani, akapitisha kidole kutoka paji la uso hadi puani. Hakikukuta kona yoyote.

"Kumbe mlitaka kunipa chotara," alisema.

"Si chotara," alisema Kidete, na sauti yake ikapanda. "Wote watatu ni mama mmoja, baba mmoja. Tufaha ni Chiwawa na swala ni Chiwawa, tofauti ni kichwa tu. Mashindanoni hatashinda, hilo ni kweli. Lakini kumwita chotara, hapana."

Fundi alimtazama msichana, kisha akamgeukia Shangazi. "Mimi nikiunguza nguo kwa pasi, namwonyesha mteja palipoungua kabla hajauliza. Wewe, mtu mzima, kazi hiyo umemwachia mtoto." Akachukua mkoba wake, akaondoka bila mbwa.

Nyumba ilinuna siku nzima. Kidete alilia bafuni, lakini hakuomba radhi. Alijiambia kwamba angefanya vilevile kesho.

Asubuhi Shangazi alimkuta Kidete chumba cha mbwa, akaingia na taulo jeupe. "Nimeshampigia fundi simu nikamwomba msamaha," alisema bila kumtazama. "Mweke hapa. Mgeuze ubavuni." Alipiga picha, akaituma kwa wateja wake na maneno machache: Kichwa cha swala. Pua haitafupika. Si wa mashindano.

Siku ya tatu alikuja muuguzi mmoja, bado na sare ya kazini. Alimwinua mbwa, akamtazama upande huu na upande ule, akakaa chini ghafla.

"Wangu alikufa akiwa na miaka kumi na minne," alisema. "Alikuwa na uso huuhuu. Nimetafuta wiki nyingi wa kufanana naye, lakini picha zote zimepigwa kwa mbele, mbwa wote wako sawa. Juzi nikaona hii."

Aliondoka na mbwa ndani ya sweta, pua ndefu ikichungulia nje.

Shangazi alibaki mlangoni mpaka muuguzi alipopinda kona. "Jumamosi uliniudhi sana," alimwambia Kidete, "na ulikuwa sahihi. Mtu akikukosoa kwa kweli, hasira yako haiufanyi ukweli wake kuwa uongo. Nilidhani naficha kasoro. Kumbe nilikuwa namficha mbwa mwenyewe, hata aliyekuwa akimtafuta asingemwona."