Genge la Kisima

Mwaka ule bomba la mtaa wao huko Likasi lilikauka kabisa. Kazi za mgodini zilikuwa zimekwama, mishahara haikuja, na watu walichota maji mtoni. Augustin na mke wake Hortense walichota huko pia. Binti yao mdogo, Camille, akaanza kuharisha.

Augustin hakumwamini mtu. Alifunga mlango mchana kweupe. Hasa aliwaogopa wanaume waliojiita genge. Aliwaona kwenye ua wa jirani na mitalimbo na kamba, vifua wazi. Siku zile kila mtu alijua kwamba mwizi huvua shati ili asishikike.

"Bamechimba kisima," Hortense alisema. "Ya kwanza iko na mayi muzuri, banachimba ya pili. Tuchote kule."

"Genge? Banataka tu kujua nyumba zetu. Miye sitaki mayi yao."

Basi Camille aliendelea kunywa maji ya mto. Macho yake yakazama, hata machozi yakakosekana. Ubishi wa baba ulikaribia kumuua mtoto, tuseme ukweli.

Hortense alimbeba mpaka kwa Mama Eugénie, muuguzi wa zahanati. Augustin aliwafuata. Eugénie alichemsha maji, akayapoza, akapima sukari na chumvi, akamnywesha mtoto kijiko kwa kijiko.

"Baba Camille, juu ya nini hauchote ku kisima?"

"Naogopa ile genge."

"Ile jina ya Kiingereza, baba yangu alitoka nayo ku Rhodesia. Wakati yake, genge ilikuwa bantu ba kazi na mukubwa wao. Nyuma ya pale, wezi bakakamata ile jina, ikachafuka. Usiulize jina. Uliza kazi yao. Uliza shati zao."

"Shati?"

"Enda uone."

Augustin alienda amekunja uso. Mashati yalitundikwa kwenye ua.

"Ni desturi ya mgodi," alieleza Pitshou, mkubwa wao, bila kuachia kamba. "Mwenye kushuka anaacha shati juu. Akitoka, anaikamata. Shati ikibaki, muntu iko chini, na hakuna mwenye kuenda nyumba."

Augustin aliona haya. Alijaza ndoo. Hortense aliyachemsha maji yale kabla ya kunywa, kama Eugénie alivyomfundisha. Camille akapona, akaomba bukari, yaani ugali.

Mwezi uliofuata Augustin alipita barabarani na mtalimbo begani, yeye na genge. Josée, jirani mgeni, alimwona akavuta mlango haraka. Augustin aligonga taratibu.

"Mama, usiogope," alisema. "Leta ndoo yako."