Robo Tatu ya Mzunguko

Walikutana kwa kugombana. Jumamosi saa tano asubuhi duka la vipuri lilikuwa limejaa hadi mlangoni, na kwenye kaunta ulibaki mpira mmoja tu wa mashine ya kahawa ya nyumbani. Mwanamke mwenye gauni la kijani, kalamu kaichomeka kwenye nywele, aliushika upande mmoja. Fundi mwenye ovaroli aliushika upande wa pili.

"Dada, huo ni wa mteja wangu."

"Na huu ni mkono wangu. Mwambie mteja asubiri."

Fundi alicheka, akauachia, akajitolea kwenda kuufunga. Baada ya miezi minne walikuwa wapenzi, naye akimwita Ulimi, kwa sababu ya kazi yake: mwonjaji wa kampuni ya kahawa, wa kuonja na kutema kutwa nzima.

Kila asubuhi, kabla ya kazi, Ulimi alijipima nyumbani. Kahawa ileile, gramu kumi na nane, mashine ileile. Ladha ikiwa ya jana, ulimi ni mzima.

Mwezi mmoja kabla ya mtihani wa leseni ya uonjaji, uchungu wa siku zote ulitoweka kikombeni. Alibadilisha maji, akasugua mashine, akaacha pilipili. Wapi! Ijumaa aliyotakiwa kuthibitisha nafasi yake, alimwandikia mkuu wa waonjaji barua ya kujitoa.

Jumapili Fundi alifika na shati lililonyooshwa vizuri.

"Mpenzi, mbona macho mekundu?"

"Ulimi wangu umekufa." Akamweleza yote.

Fundi alijipiga paja, akacheka, moyo umemtulia. "Mzima kabisa! Ni mimi. Siku ile ulipokuwa unaoga niliipima mashine. Presha kumi na moja! Kahawa inataka tisa. Nikalegeza skrubu ya valvu ya presha, robo tatu ya mzunguko. Nilitaka ugundue mwenyewe, ufurahi."

Ulimi hakucheka.

"Nilikutuma?"

"Lakini sasa ni tamu zaidi, mama."

"Usiniite mama! Nani alitaka tamu? Kipimo hakihitaji kuwa kitamu, kinahitaji kutobadilika. Ungekata futi ya seremala ukamwambia umeirembesha?"

"Nilikuwa na nia njema."

"Kaa nayo. Siku kumi na tisa nimejiona mgonjwa. Nimeacha mtihani niliousomea miaka mitano. Toka!"

Usiku huo Fundi alipiga simu mara saba. Ya nane ikapokelewa.

"Ulimi wangu..."

"Ulimi ni wangu. Sema."

"Kesho naenda kwa mkuu wako, nimwambie kosa ni langu."

"Umeona? Unashika tena kisichokuhusu!" Akakata.

Siku mbili simu haikulia. Jumatano jioni Fundi alipiga hodi na kubaki nje ya kizingiti.

"Naomba ruhusa ya kuirudisha ilivyokuwa. Ukikataa, naondoka."

"Ingia. Viatu nje."

Alichomoa waya, akasubiri mashine ipoe, akafungua kifuniko. Ulimi alimmulikia tochi. Si kwa kumsaidia, kwa kumchunga asizidishe. Fundi alikaza skrubu kidogo kidogo. Kila alipokaza alifunga kichujio kisicho na matundu ili maji yasitoke, akawasha pampu, wakasoma geji ya presha pamoja.

"Kumi na nusu," alisema Fundi.

"Hesabu yako mwenyewe ilikuwa kumi na moja."

Akakaza tena. Kumi na moja. Ulimi alipima gramu zake, akatoa kikombe, akaonja. Uchungu uleule. Aligonga kikombe mezani.

"Bado nina hasira."

"Najua."

"Hujui. Nyamaza."

Alimpigia mkuu wake palepale, simu ikiwa kwenye spika.

"Mzee, ulimi wangu ni mzima. Mashine ndiyo ilibadilishwa. Naomba nafasi yangu."

"Mwanangu, kiti nilishampa mwingine juzi. Subiri mtihani ujao, miezi sita."

Ulimi alishukuru, akaweka simu chini. Fundi alirudisha kifuniko, akatia bisbisi mfukoni. Mashine ilitoa mvuke wake wa mwisho, ikanyamaza.

"Naomba kuuliza," alisema Fundi.

"Uliza."

"Hiyo miezi sita, nije kukuona?"

Ulimi alimtazama kama anayepima kitu kisicho na geji.

"Njoo Jumapili," alisema. "Bisbisi uiache kwako."