Kioo cha Skana

Ijumaa jioni, nikitoka kazini, nilipitia dukani kwa Kalekye hapa Kitengela kuchukua skana. Kalekye huuza mashine za ofisi zilizotumika. Aliivuta kutoka chini ya meza, akaipangusa vumbi kwa kitambaa, akaniangalia kwa huruma.

"Surveyor, nakuambia kama dada yako. Hii kitu ni ya kitambo. Haitasikizana na hiyo laptopu yako mpya."

"Nitaisikizanisha."

"Haya basi. Nimekuuzia na bei ya chipsi na bado naona kama nimekuibia. Si upige tu hizo picha na simu?"

"Simu inaacha mng'ao. Nataka uso uonekane ulivyo."

Hapo akaacha mzaha. Alimjua mke wangu. Alinifungia mashine kwenye katoni, akanisindikiza hadi mlangoni.

Naserian alifariki mwezi wa Machi. Binti yetu Wahu ana miaka saba. Usiku mmoja aliniuliza kama pengo la mama yake lilikuwa kwenye meno ya juu au ya chini, nami nilihitaji kufikiri kabla ya kumjibu. Ndipo nilipoenda Kajiado kumwomba mama mkwe picha zote alizokuwa nazo, zile za karatasi, za tangu Naserian akiwa msichana. Nilitaka kuziweka mahali ambapo hazitapauka, ili mtoto asimpoteze mama yake mara ya pili.

Mama mkwe alizifunga kwenye shuka akanipa. Pale kwao, tangu mazishi, hakuna aliyewahi kulitaja jina la mke wangu. Walisema "yule wetu." Nilidhani ni uchungu. Sisi Wakikuyu, jina la marehemu hupewa mtoto, likaendelea kuitwa pale boma miaka yote. Wahu mwenyewe ana jina la mama yangu. Kwa hiyo nikiwa Kajiado niliheshimu ukimya wao. Kwangu Kitengela niliendelea kumtaja.

Jumamosi nzima ilienda kwa skana. Laptopu iliiona lakini haikuitambua. Waliotengeneza mashine ile waliacha zamani kuiandikia programu, na ile ya zamani ilikataa kuingia kwenye kompyuta mpya. Nilijaribu kebo nyingine. Nilijaribu kuidanganya kompyuta kwamba ni ya miaka ya nyuma. Mwishowe, Jumapili baada ya ibada, nilipata programu iliyoandikwa na watu wa kujitolea kwa ajili ya skana kuukuu zilizotupwa na wenyewe. Jua lilipokuwa linashuka, taa ndani ya kioo ikawaka. Ikapepesa... ikatulia. Mkono wa taa ukaanza kutembea, polepole, ukikwaruza.

"Imeamka!" Wahu alipiga makofi.

Programu ile haikukubali kupiga picha bila kwanza kupewa jina. Hapa ni lazima nieleze jambo la kazi yangu. Sisi wapima ardhi tukiwa uwanjani, anayesoma kipimo hukitaja kwa sauti, na anayeandika hukirudia, ili kosa lisipite. Nimefanya hivyo miaka mingi. Siwezi kuandika kitu cha maana bila kukitamka. Wahu anaijua tabia hiyo na huifanya mchezo.

"Naserian, shuleni," nilisema nikiandika.

"Naserian, shuleni," Wahu akarudia. "Sawa, injinia."

"Naserian, harusi ya Lemein."

"Naserian, harusi ya anko Lemein. Baba, wewe ulikuwa umekonda hivi?"

Tulicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka ndani ya nyumba ile tangu Machi. Tukaendelea hivyo mpaka dirisha likawa la kijivu, nikawasha taa. Nikachukua picha ambayo Naserian amesimama na mbuzi, uso ameugeuzia zizini.

"Naserian, na mbuzi."

"Niko."

Niliandika. Kisha vidole vikasimama.

Wahu alikuwa mlangoni, amebeba kikombe cha maji kwa mikono miwili. Kinywa chake kilikuwa ndani ya kikombe.

"Umesema nini?" nilimuuliza.

"Sijasema."

Skana ikakwaruza hadi mwisho. Picha ikafunguka kwenye skrini, mstari kwa mstari. Mbuzi. Zizi. Shanga.

"Baba... ametuangalia."

Niliinua kifuniko nikaitazama karatasi. Kwenye karatasi alikuwa bado anaangalia zizi. Kwenye skrini alikuwa amegeuka. Pengo lilionekana. Ni la juu.

Nilijiambia kwamba mashine ni mbovu. Mtu wa vipimo akishuku kifaa, hukijaribu bila mzigo. Nikaondoa picha, nikapangusa kioo, nikaacha kifuniko wazi. Wahu akaja kuinama karibu yangu. Programu ikadai jina, na mkono wangu, kwa mazoea tu, ukaandika lile lile. Na mdomo ukafuata.

"Naserian."

"Niko."

Safari hii ilikuwa karibu. Ikaja na harufu... moshi wa mti wa mtamaiyu, maziwa yaliyolala. Harufu ya kibuyu kilichosafishwa kwa kaa la moto, kama vile vya kwao Kajiado. Nyumba yangu haina kibuyu.

Taa ikapita chini ya kioo. Picha ikafunguka.

Skana huona vizuri kitu kinachogusa kioo tu. Kilicho mbali kidogo huwa ukungu. Upande mmoja kulikuwa na ukungu wa kidevu changu. Upande mwingine, ukungu wa shavu la Wahu.

Katikati yetu kulikuwa na uso wa tatu.

Haukuwa ukungu. Kila unywele wa nyusi ulionekana. Pua ilikuwa imebonyea kidogo, kama ya mtu aliyeibandika dirishani.

"Anasema nimpe mkono," Wahu alinong'ona.

Kiganja chake kilikuwa tayari juu ya kioo. Nilimvuta. Hakikuachia mara moja. Kilipoachia kilikuwa baridi kama bomba la asubuhi, na kilinuka moshi. Nilichomoa waya ukutani. Taa ya skana ikaendelea kutembea, ikafika mwisho, ikarudi, ikatafuta... ndipo ikazima.

Nilimpakata mtoto nikampigia mama mkwe. Alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Mwanangu, ulikuwa unamwita? Kwa jina?"

"Ndiyo, mama."

Nilisikia akivuta pumzi.

"Mtu tumemzika. Hawezi kuitika. Ukiita jina lake, anaitika mwingine aliye karibu. Na akiitika, ukimwita tena, hilo jina linakuwa lake. Halafu anatafuta watu wa hilo jina. Mtoto wake."

"Na kama ni yeye mwenyewe, mama?"

Nilisikia kiti kikivutwa. Ni mama yake.

"Mimi naenda kanisa kila Jumapili," alisema. "Sijui kila kitu. Lakini tangu nizaliwe sijaona mtu akiita na ikawa vizuri. Futa hilo jina kila mahali umeliandika. Ukilifuta, litampotea, atataka arudishiwe. Atawauliza. Mkimpa, ameingia. Mkinyamaza, ataenda. Unanisikia? Hata wewe. Hata kama ni sauti yake."

Nilifuta. Msichana wa shule, harusi, mbuzi, yule wa kioo. Kila moja kompyuta iliniuliza kama nina uhakika, na kila moja nilijibu ndiyo, mpaka sikuona vizuri skrini. Picha za karatasi nikazirudisha kwenye shuka bila kuziangalia. Skana nikaitoa nje ya geti.

Harufu ikapungua. Nikapika uji. Wahu akaketi kwenye kiti chake jikoni, nami kando yake, na kwa muda kulikuwa na mlio wa kijiko tu. Nilianza kuamini kwamba yameisha.

"Baba Wahu..."

Ilitoka kwenye korido, kule giza.

"Baba Wahu, nimesahau. Ninaitwa nani?"

Ilikuwa sauti yake. Sitaki kulipamba jambo hili. Ilikuwa na ule mkwaruzo wa asubuhi, na ile namna ya kuliacha neno la mwisho likidondoka. Tangu Machi nilikuwa nimeiomba sauti hiyo, kwa magoti, angalau mara moja. Jina lake lilikuwa kwenye ulimi wangu. Niliuma ulimi mpaka nikaonja damu.

Kama alikuwa yeye, basi amesimama gizani akiniomba kitu kimoja, nami nikamnyima.

Kisha hatua laini zikasogea hadi mlango wa jikoni, zikasimama pale ambapo mwanga haufiki.

"Wahu," ikasema, kwa upole. "Mama yako anaitwa nani?"

Tumemlea vizuri. Akiulizwa na mtu mzima, hujibu. Aliweka kijiko chini, akaketi wima kama darasani. Nilimziba kinywa kwa kiganja changu, nikamkaza kifuani.

Chini ya kiganja, midomo yake ilikuwa bado inasogea.