Faili la Ukumbi wa Rayners Lane

Kabati liko wazi, faili hamna. Saa tatu asubuhi hiyo, na saa sita mchana rufaa inasikilizwa.

Inspekta Mardhiya alivua viatu mlangoni kwa wakili Praful, pale Harrow, London. Ofisi ile ndivyo ilivyo: picha ya mungu wake iko ukutani, basi mtu haingii na viatu, awe mteja, awe askari.

"Faili gani, wakili?"

"La ukumbi wetu wa Rayners Lane, dada. Kaunsili ya mji inatutoza kodi ya jengo kama vile sisi duka! Nawatetea bure. Bila ule ushahidi tunashindwa, na tukishindwa tunafunga. Wazee wanaokutana pale waende wapi?"

"Nani anafurahi mkifunga?"

"Chaman, jirani wa ukumbi. Analitaka lile jengo roho imtoke. Mkamate!"

"Taratibu. Hapa siyo mahakamani."

Mardhiya akainama. Jana mafundi walikwangua dari, sakafu nzima vumbi jeupe. Dirisha la jikoni waliliacha wazi, mwizi kapita hapo. Nyayo zake hizo, kwenda na kurudi. Nyayo za soksi.

"Chaman akija hapa, viatu anavua?"

"Yule? Miaka tisa tunagombana! Hajavua hata siku moja, namfukuzia mlangoni."

"Basi siyo yeye. Huyu kaja kuiba, na viatu kavua. Kazoea hapa. Anakuheshimu huyu."

Hilo lilimuuma Praful kuliko kabati.

"Nani alijua faili liko hapa?"

"Watu wote wa ukumbi. Jana niliwatangazia: nimepiga picha kila chumba, kesho hakimu anaziona."

"Twende huko."

Ukumbini akina mama walikuwa wananyoosha viungo, soksi tupu kwenye mikeka.

"Viatu, mwanangu!" Bibi Pramila akamkaripia Mardhiya, naye akavua tena. Mtu mmoja tu alikuwa na buti ndani: Telesphor, mwangalizi wa ukumbi, anapanga viti.

"Kaka Telesphor, mbona buti leo?"

"Baridi, afande."

"Bibi Pramila ana miaka themanini, yuko na soksi. Vua."

"Soksi zangu chafu, afande."

"Ndizo ninazozitaka."

Akavua. Soksi nyeusi, chini nyeupe pe.

"Nipeleke maabara vumbi hilo, au unasema mwenyewe?"

Telesphor akawaongoza stoo. Faili lilikuwa chini ya godoro. Pembeni jiko dogo, sufuria, mashati kwenye msumari.

"Unaishi humu?"

"Miezi minane. Tangu mke wangu Anastasia anifukuze nyumbani kule Walthamstow." Alikuwa anaongea na ukuta. "Binti yangu nimemwambia nina nyumba Harrow, mafundi ndo wananichelewesha. Kila Jumapili ananiuliza, baba, nije lini? Sasa hakimu alione godoro langu mbele ya watu? Aseme huu siyo ukumbi, ni nyumba ya mtu, mfungiwe kwa sababu yangu? Nilitaka picha moja tu, ya stoo hii. Mmeibandika kwa gundi, haitoki upesi, nikabeba lote, nikaibandua huku. Nilikuwa nalirudisha, nyie mshafika."

"Miezi minane," Praful akasema, "na mimi napita hapa kila Jumamosi? Hata godoro nimelipiga picha, nikadhani ni vifaa vya ukumbi!"

"Ungeniuliza ningekudanganya."

"Picha iko wapi?"

Telesphor akaitoa mfukoni. Praful akairudisha ndani ya faili.

"Wakili, tutashindwa!"

"Mwangalizi kulala kwenye jengo, hilo nalitetea. Picha iliyofichwa siitetei. Hakimu akiniuliza godoro la nani, nimjibu nini?"

Mardhiya akatazama saa. Saa tano kasoro.

"Wizi ni wizi, kaka Telesphor. Maelezo yako nayaandika."

"Andika, afande. Ila kwanza nipeleke kwa hakimu. Godoro langu, nitajibu mimi." Akatoa simu. "Na binti yangu asisikie kwa watu."

Ikaita mara mbili.

"Priscilla? Baba hapa. Mwanangu, kaa chini. Ile nyumba ya Harrow... hamna nyumba."